Historia ya Ufa: Kutoka Mtepe wa Pwani hadi Bomba la Plastiki la Rusizi

Utangulizi

Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi walimu wa Kiswahili tumeifundisha methali hii kwa miaka mingi, tukiwaeleza wanafunzi kwamba maana yake ya ndani ni kushughulikia tatizo likiwa bado dogo. Ni mara chache tunasimama kwenye maana yake ya nje, yaani ufa wenyewe. Ufa huanzia wapi? Kwa nini huanzia hapo na si kwingine? Huelekea upande gani? Na je, mtu anaweza kuutabiri kabla haujaonekana? Maswali haya yana historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imepita hapa kwetu Afrika Mashariki. Lengo la makala haya ni kuisimulia kwa ufupi, hasa kuhusu vitu vya plastiki, ambavyo ndivyo vimejaa majumbani mwetu leo.

Msomaji anaweza kuuliza, mwalimu wa lugha ana kazi gani na nyufa? Jibu langu linatokana na mahali tulipo. Wilaya ya Rusizi, iliyoundwa mwaka 2006 katika sehemu ya iliyokuwa Cyangugu, ni wilaya ya mpakani. Ukivuka daraja umefika Bukavu. Ukiteremka hadi Bugarama unapakana na Burundi na Kongo kwa pamoja. Kiswahili husikika hapa sokoni, forodhani na kwenye karakana, maana ndicho kinachowaunganisha fundi wa Kamembe na mteja wa Bukavu. Mwaka 2017 Kiswahili kiliongezwa kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Sasa basi, lugha rasmi haiwezi kuishia kwenye salamu na bei ya sambaza. Lazima iweze kueleza kwa nini bomba la maji la kijiji limepasuka, na lini jingine litapasuka. Iwapo haiwezi, maelezo hayo yatabaki kwenye vitabu vya lugha za kigeni, na mwanakijiji atabaki kuambiwa tu kwamba plastiki ilikuwa mbovu.

Maneno kwanza

Kabla ya kuingia kwenye historia, hebu tutazame akiba tuliyo nayo. Kiswahili hakisemi tu kwamba kitu "kimevunjika". Mguu wa meza huvunjika, kamba hukatika, puto hupasuka, karatasi huchanika, kitambaa huraruka, udongo wa kiangazi huatuka, na kipande cha mkate humeguka. Kila kitenzi kimebeba habari mbili: aina ya kitu na namna kilivyoachana. Hakuna Mswahili anayesema kwamba kamba imemeguka. Yaani lugha yenyewe imekwisha kutambua kwamba kuna njia nyingi za kuharibika, jambo ambalo, kama tutakavyoona, wahandisi walilipangia hesabu katika karne ya 20 tu.

Katika makala haya nitatumia istilahi chache. Mkazo ni nguvu inayobebwa na kila sehemu ndogo ya kitu kinapovutwa, kukandamizwa au kupindwa. Wanafunzi wa fonolojia wasichanganyikiwe: ni neno lilelile la mkazo wa silabi, na ulinganifu si mbaya, kwani kote kuwili tunazungumzia mahali penye uzito kuliko pengine. Mkato ni pengo lolote kwenye ukingo au uso wa kitu: tundu, pembe iliyoingia ndani, mkwaruzo wa jiwe, alama ya kisu. Ufa ni mkato ambao ncha yake imekuwa kali kupita kiasi. Polima ni jina la jumla la vitu ambavyo chembe zake zimeungana kama minyororo mirefu. Plastiki ni polima, na mpira vilevile. Mzigo ni chochote kinachokilazimisha kitu kubeba nguvu. Mizigo mseto ni pale kitu kinapovutwa na kupindwa, au kukandamizwa na kusokotwa, kwa wakati mmoja.

Mafundi waliotangulia hesabu

Karne nyingi kabla ya mwanahesabu yeyote kuandika juu ya mikato, mafundi wa pwani yetu walikuwa wakiunda mtepe. Huu ulikuwa mwambao mzima wa ufundi: chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, chenye tanga la mkeka. Mitepe ilisafiri katika visiwa vya Lamu na kwingineko hadi ilipotoweka mwanzoni mwa karne ya 20.

Tuutazame mtepe kwa jicho la mtu anayechunguza nyufa. Kushona kunahitaji matundu, na kila tundu ni mkato. Kwa nini basi chombo chenye mamia ya matundu hakikupasuka mara moja? Sababu ya kwanza ni umbo la tundu. Keke ya fundi hutoboa tundu la mviringo, lisilo na pembe. Sababu ya pili ni mshono. Kamba hulegea kidogo wimbi linapokisukuma chombo, kwa hiyo mzigo hugawanyika badala ya kurundikana mahali pamoja. Sababu ya tatu ni kwamba mbao hazikuungana kuwa kitu kimoja. Ufa ukianza kwenye ubao mmoja, hufika ukingoni mwa ubao huo ukakosa njia.

Maarifa ya namna hii hayakuwa ya baharini tu. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kibuyu kilichopasuka hakitupwi. Hutobolewa matundu madogo kando ya ufa kikashonwa. Na fundi anayejua kazi yake, akiona ufa unatembea kwenye bati au ubao, hutoboa tundu la mviringo kwenye ncha ya ufa ili kuusimamisha. Wanafunzi wengi hushangaa wakiambiwa hivi. Unazuiaje kitu kisipasuke kwa kukitoboa zaidi? Jibu lilisubiri hesabu.

Tundu linapoingia kwenye hesabu

Mwaka 1898 mhandisi Mjerumani, Ernst Gustav Kirsch, alionyesha kwamba bamba pana lenye tundu la mviringo likivutwa, mkazo kwenye ukingo wa tundu hufika mara 3 ya mkazo wa sehemu nyingine za bamba. Ukubwa wa tundu haubadilishi idadi hiyo, ilimradi bamba liwe pana vya kutosha.

Mwaka 1913 Charles Inglis wa Cambridge, Uingereza, alikwenda mbele zaidi. Aliwasomea wahandisi wa meli hesabu ya tundu lenye umbo la yai. Aligundua kwamba kadiri tundu linavyokuwa refu na jembamba, likiwa limekaa kukingama njia ya mvuto, ndivyo mkazo wa kwenye ncha unavyozidi. Kanuni yake ni rahisi: chukua urefu wa tundu, ugawe kwa upana wake, zidisha kwa 2, kisha ongeza 1. Tundu la mviringo hutupa 3, sawasawa na jibu la Kirsch. Tundu ambalo urefu wake ni mara 10 ya upana hutupa 21. Sasa tunaielewa hekima ya fundi: tundu lake la mviringo linaondoa ncha kali yenye mkazo mkubwa mno na kuweka ukingo ambao mkazo wake ni mdogo zaidi.

Hata hivyo, kanuni ya Inglis ilizua fumbo. Ncha ya ufa wa kweli ni kali sana hata mkazo wake, kwa hesabu, hauna mwisho. Ikiwa ni hivyo, kila kitu chenye ufa mdogo kabisa kingepaswa kuvunjika kwa kuguswa tu. Lakini vikombe vyetu vyenye nyufa tunavinywea chai kila siku. Aliyelifumbua fumbo hili ni Alan Arnold Griffith, mhandisi wa kiwanda cha ndege za serikali huko Farnborough, katika makala yake yaliyochapishwa mwaka 1921. Alifanya majaribio kwa kioo. Hoja yake inafanana na hesabu ya mchuuzi yeyote wa soko la Kamembe: ufa haukui mpaka mapato yatoshe matumizi. Matumizi ni nishati inayohitajika kuzifanya nyuso mbili mpya. Mapato ni nishati inayoachiliwa kitu kinapolegea ufa ukirefuka. Mapato yakizidi, ufa hukimbia wenyewe. Kutokana na hoja hiyo, ufa ukirefuka mara 4, nguvu inayotosha kukivunja kitu hushuka hadi nusu. Hapa methali yetu ikapata uthibitisho wa namba: ufa mdogo na ufa mkubwa havitofautiani kwa ukubwa tu, vinatofautiana kwa hatari.

Meli, ndege na Entebbe

Elimu ya Griffith ilikaa kabatini kwa miaka mingi, kwani watu waliiona ni ya kioo tu. Kilichoitoa kabatini ni maafa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani iliunda zaidi ya meli 2,700 za aina ya Liberty kwa haraka kubwa. Badala ya kuunganisha mabati kwa ribiti, waliyachomelea. Nyingi zilipata nyufa, na aghalabu nyufa hizo zilianzia kwenye pembe za mraba za milango ya ngama. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta iitwayo Schenectady, iliyoundwa kwa kuchomelewa vilevile, ilikatika karibu vipande viwili huko Portland, Oregon, ikiwa imetulia gatini bila dhoruba yoyote. Tukumbuke mtepe: ufa wa ubao mmoja uliishia ukingoni. Meli iliyochomelewa ni kama bati moja kubwa. Ufa ulipata barabara iliyonyooka.

Kisha zikaja ndege. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet ya shirika la BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg, ikiwa safari ya kwanza duniani ya abiria wa kulipa kwa ndege ya jeti. Njiani ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Yaani Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuiona jeti ya abiria. Ndege hiyohiyo, yenye namba G-ALYP, ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Tarehe 8 Aprili mwaka huohuo Comet nyingine ilianguka baharini karibu na Naples na kuua watu 21.

Wachunguzi wa Farnborough walichukua Comet nyingine wakaizamisha kwenye tangi kubwa la maji, wakawa wanaijaza na kuipunguza shinikizo tena na tena, kana kwamba inapaa na kutua. Hatimaye kiwiliwili chake kilipasuka, ufa ukianzia kwenye pembe ya tundu lililokatwa ukutani. Mabaki ya G-ALYP yaliyopatikana baharini yalionyesha jambo hilohilo kwenye paa, kando ya tundu la vifaa vya redio. Tangu hapo dunia ilikubali kwamba mikato ni jambo la kufa na kupona. Mnamo mwaka 1957 George Irwin, wa maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani, aliipa elimu hii kipimo kimoja cha ukali wa mkazo kwenye ncha ya ufa, kipimo ambacho wahandisi wanakitumia hadi leo.

Plastiki inaingia uwanjani

Wakati chuma kikileta maafa hayo, kitu kingine kilikuwa kinakua pembeni. Mwaka 1933 polietilini iligunduliwa kwa bahati katika maabara ya kampuni ya ICI nchini Uingereza. Mwaka huohuo nchini Ujerumani ilianza kuuzwa plastiki ngumu inayopenyeza mwanga iliyopewa jina la Plexiglas. Ya kwanza ni nyumbufu. Ndiyo mama wa madumu, mabomba meusi na matangi ya maji. Ya pili huvunjika ghafla kama kioo. Wajukuu wa vitu hivi viwili ndio waliotuzunguka.

Polietilini ilionekana haina kasoro, mpaka ilipotumiwa kuvika nyaya za simu. Nyaya zilianza kupasuka mahali zilipokunjwa, hasa zilipogusana na sabuni. Mwaka 1951 watafiti wa maabara za kampuni ya simu ya Bell walichapisha njia ya kulipima jambo hili: kata vipande 10 vya plastiki, chora mkato kwa wembe kwenye kila kimoja, vikunje, uvitumbukize kwenye dawa ya jamii ya sabuni, kisha uhesabu saa mpaka vipasuke. Angalia kwamba jaribio limekusanya maadui watatu kwa pamoja: mkato, mkunjo na sabuni. Kila mmoja peke yake angechelewa sana. Wakiungana, kazi huisha upesi.

Swali lililobaki ni la mwelekeo. Kitu kikivutwa moja kwa moja, ufa hukata kukingama. Je, kikivutwa na kusokotwa kwa pamoja? Hapa naomba kila mwalimu achukue chaki. Chukua chaki ya kwanza, ikunje. Itavunjika kukingama, uso wake ukiwa bapa. Chukua ya pili, isokote kama unayekamua nguo. Itavunjika kwa mzunguko wa mshazari wa nyuzi 45 hivi. Chukua ya tatu, ikunje na kuisokota kwa pamoja, nawe utapata mshazari wa katikati. Chaki ni ileile na mikono ni ileile; kilichobadilika ni mchanganyiko wa mizigo.

Wahandisi hugawa mwendo wa ufa katika namna tatu. Namna ya kwanza midomo miwili ya ufa huachama. Ya pili midomo huteleza, mmoja mbele na mwingine nyuma. Ya tatu hutengana kwa kuchanika, kama karatasi inayochanwa kwa mikono miwili. Kuachama, kuteleza, kuchanika: vitenzi vitatu vya Kiswahili vya kila siku, na vinatosha kabisa.

Mwaka 1963 Fazil Erdogan na George Sih, wa Chuo Kikuu cha Lehigh huko Pennsylvania, walichukua mabamba ya Plexiglas, wakayapasua nyufa zilizolala mshazari, wakayavuta. Walipendekeza kanuni ifuatayo: ufa hugeukia upande ule ambao mvuto wa kuuachamisha ni mkubwa kuliko pande zote. Kwa kanuni hiyo, ufa unaosukumwa kwa kuteleza tu unatakiwa kukata kona ya nyuzi 70.5. Mabamba yalitoa jibu la karibu na hapo. Kwa lugha nyingine, ufa una tabia ya kutafuta njia ya kuachama hata ukilazimishwa kuteleza. Hiyo ndiyo siri ya mshazari wa chaki.

Madhara yanayotangulia ufa

Kuna jambo moja ambalo nyufa kali za Griffith hazikulieleza vizuri. Vitu vingi vya maisha ya kila siku havina ufa vinapotoka dukani. Vina mikato butu tu: pembe ya mpini, tundu la skrubu, shingo ya chupa. Tena plastiki haivunjiki bila kutoa ishara. Kunja rula ya plastiki polepole. Mahali pa mkunjo patakuwa peupe kabla haijakatika. Weupe huo ni maelfu ya vitobo vidogo visivyoonekana kwa jicho. Kitu kimekwisha kudhurika ingawa bado ni kizima.

Mwaka 1958 Lazar Kachanov, mwanasayansi wa Kisovieti, alipendekeza kwamba madhara hayo yahesabiwe: tuulize ni sehemu gani ya umbo bado inabeba mzigo, na ni sehemu gani imebaki jina tu. Kitu kipya kina madhara sifuri. Kikifika 1, kimekwisha. Baadaye wataalamu wa mikato butu waliligeukia eneo dogo linaloizunguka ncha ya mkato. Mwaka 2001 Paolo Lazzarin na mwenzake, nchini Italia, walipendekeza kupima wastani wa nishati iliyojazana katika eneo hilo dogo, badala ya mkazo wa nukta moja. Mjini Madrid watafiti waliifanyia majaribio plastiki ya jamii ya Plexiglas ikiwa imegandishwa hadi nyuzi 60 chini ya sifuri, ili ivunjike bila kunyumbuka na hesabu iwe wazi. Nao Wafaransa Gilles Francfort na Jean-Jacques Marigo, mwaka 1998, walirejea kwenye mapato na matumizi ya Griffith na kuyaandika upya, kwa namna ambayo leo kompyuta inaweza kuuacha ufa uchague njia yake wenyewe kwenye skrini.

Sitazama katika hesabu hizo. Itoshe kusema kwamba ili kutabiri tunahitaji majibu ya maswali manne: mkato una umbo gani, mizigo imechanganyikaje, kitu kimekwisha kudhurika kiasi gani, na kinavumilia kiasi gani kabla ya kuachia.

Kutoka Lamu hadi Rusizi

Plastiki hatimaye imerudi mikononi mwa wajukuu wa waundaji wa mitepe. Huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi liitwalo Flipflopi kwa takriban tani 10 za taka za plastiki, na kulipamba kwa kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa. Lilishushwa majini Septemba 2018, likiwa na urefu wa mita 9, na mapema mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Mwaka 2021 mradi huo ulifika Ziwa Viktoria. Bahari haina mzigo mmoja. Wimbi hukikunja chombo, hukisokota na kukigonga, na kila tundu la msumari ni mkato. Swali lililoulizwa na fundi wa mtepe likaulizwa upya kwa kitu kipya.

Hapa Rusizi hatuna bahari, lakini tuna milima. Bomba la polietilini linaloteremsha maji kutoka chemchemi hubeba shinikizo la maji kwa ndani. Likilazwa juu ya jiwe, linakunjwa. Udongo wa mteremko ukisogea baada ya mvua, linavutwa na kusokotwa. Hiyo ni mizigo mseto ya kweli. Na bomba hilo liliburutwa juu ya changarawe siku ya kulizika, kwa hiyo mkato upo tayari. Linaweza kukaa miaka bila kuvuja tone, huku ufa ukitambaa polepole ndani ya ukuta wake. Siku linapopasuka, watu hutafuta kosa la siku hiyo, ilhali kosa lilifanyika siku ya kulizika.

Kwa kuwa mabomba haya hutarajiwa kudumu miaka 50, na hakuna awezaye kungoja miaka 50 ili ajue kama ni mazuri, Norman Brown wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alibuni jaribio ambalo kipande cha polietilini hukatwa kwa wembe, kikatundikwa uzito na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 80. Joto huharakisha saa: kinachochukua miaka ardhini huonekana kwa saa nyingi maabarani. Aidha, mafundi wana kanuni ambayo haihitaji maabara yoyote: bomba lenye mkwaruzo unaozidi sehemu ya kumi ya unene wa ukuta wake likatwe kipande hicho kabla ya kuzikwa. Kwa bomba lenye ukuta wa milimita 6, kikomo ni milimita 0.6 tu, ambacho ukucha unakihisi.

Dumu la maji nalo lina somo lake. Jina lake la jerikeni linatokana na kopo la chuma la jeshi la Kijerumani la miaka ya 1930, ambalo Waingereza waliliita kwa jina la utani walilowapa Wajerumani. Bukavu watu husema bidoni, kwa kufuata Kifaransa. Watanzania husema dumu. Kwa jina lolote, dumu la plastiki hupendelea kupasuka mahali mpini unapoungana na mwili, na kwenye pembe za chini. Hapo ndipo mkato ulipo, na hapo ndipo uzito wa lita 20 unapovuta na kuyumba kila hatua ya njia ya mlimani. Jua likiikausha plastiki kwa miaka, uvumilivu wake hupungua.

Mwisho, tusisahau kuta zenyewe, zilizotajwa na methali. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 lilipiga Bukavu, Rusizi na Nyamasheke. Kwa upande wa Rwanda peke yake walikufa watu zaidi ya 30. Kuta za matofali zikitikiswa na tetemeko, nyufa aghalabu huanzia kwenye pembe ya dirisha au mlango na kwenda mshazari. Tofali si plastiki, lakini mwalimu aliyekwisha kusokota chaki darasani hahitaji kuambiwa sababu. Ukuta unabeba uzito wake kwa kwenda chini na unasukumwa kwa kwenda kando. Pembe ya dirisha ni mkato. Ufa hutafuta njia ya kuachama. Ni sheria ileile iliyoipasua Comet iliyotua Entebbe.

Hitimisho

Historia hii inatufundisha kwamba kuvunjika kwa ghafla ni nadra. Kwa kawaida kitu huvunjika baada ya safari: mkato, madhara, ufa, kisha mpasuko. Mafundi wa mtepe walilijua hilo kwa mikono, Inglis na Griffith wakalipa hesabu, Erdogan na Sih wakalifuatilia kwenye plastiki chini ya mizigo mseto, na waliowafuata wakaanza kuyahesabu madhara kabla ufa haujazaliwa.

Kwa upande wetu wa lugha, ningependa kupendekeza mambo matatu. Kwanza, walimu wa sarufi watumie vitenzi vya kuharibika, yaani vunjika, katika, pasuka, chanika, atuka, meguka, kama somo la kauli ya kutendeka na la semantiki kwa pamoja. Wanafunzi wataona kwamba usahihi wa neno ni usahihi wa kuona. Pili, wanafunzi wanaofanya utafiti wa istilahi waende kwenye karakana za Kamembe na Bukavu wakakusanye maneno ya mafundi wa mabomba na wa mitumbwi kabla ya kuunda mapya mezani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kazi ya namna hiyo inahitaji kuendelezwa hadi kwenye mambo ya uhandisi wa kila siku. Tatu, tuandike maelekezo mafupi kwa Kiswahili chepesi kwa ajili ya kamati za maji za vijiji: pitisha ukucha juu ya bomba kabla ya kulizika, ondoa mawe chini yake, usilikunje kwa nguvu, usiliache juani.

Mwanakijiji anayejua maneno mkato, mzigo na ufa, na anayejua yanavyohusiana, anaweza kumwuliza fundi swali la maana kabla mtaro haujafukiwa. Kumpa maneno hayo ni kazi yetu sisi walimu wa lugha.